Mwinyimvua na Umri wa Msitu

Sema utakavyo, lakini pwani yote hii, tangu Mbegani mpaka Saadani, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua umri wa kila mti isipokuwa umri wake mwenyewe. Mtu huyo ni rafiki yangu Mwinyimvua, na yalipomkuta yaliyomkuta mimi nilikuwepo. Laiti ningebaki nyumbani!

Ulikuwa mwaka ule Wadachi walipoanza kupitapita na makaratasi yao. Mwinyimvua alikuwa mkata magogo ya mitumbwi hapa Bagamoyo, na elimu yake yote aliipata kwa kukumbatia. Ndiyo, kukumbatia! Akiuona mti anauvamia, anauzungushia mikono, halafu anapima unene wake kwa shibiri.

"Mkongo, shibiri moja ni miaka sita," alikuwa akitangaza barazani. "Huu wa shibiri kumi una miaka sitini. Na msitu huu mnaouona, baada ya miaka hamsini nitawaambia utakavyokuwa, mti kwa mti!"

Nani angembishia? Uzuri wa kutabiri ya miaka hamsini ni kwamba habaki mtu wa kuja kukuumbua.

Sasa, bingwa wetu mwenyewe alikuwa na miaka sitini kamili. Watu aliwaambia ana arobaini. Ndevu alizipaka masizi ya chungu kwa mafuta ya nazi, na kila aliyemwona na unywele mmoja mweupe alimrukia na shikamoo. Siku moja alimwamkia kijana wa miaka thelathini kwa sababu tu ana kipara!

Ukweli niliujua mimi, Muhidini, maana tuliingia jando pamoja, tukiwa na miaka kumi na miwili. Mbona sikusema? Nilikuwa na sababu zangu. Sababu yenyewe inaitwa Ashatu, mke wangu, ambaye siku ya posa nilimwambia kwamba na mimi nina arobaini.

Basi Mwinyimvua akapenda. Akampenda Mwanaharusi wa Mkange, mjane mwenye minazi mingi na ulimi mkali kuliko minazi ilivyo mingi. Alimpenda kweli, nisimsingizie. Alikonda, akaacha hata pweza wa nazi, na pweza wa nazi alikuwa haachi hata akiwa na homa.

Lakini Mwanaharusi alikuwa ameshazika waume wawili, wote vikongwe, na ameshakaa eda mbili. Sharti lake lilijulikana mpaka Miono: "Anayenitaka awe hajafika hamsini. Eda ya tatu sikai, hata mniapize!"

Tukaenda Mkange kuposa. Mshenga mimi. Ashatu naye akafuatana nasi, kwa kuwa Mwanaharusi ni binti wa mama yake mdogo.

Aliyetupokea ni mjomba wake, Mzee Msabaha, ngariba wa Mkange kama alivyokuwa baba yake kabla yake. Msabaha alikuwa na miaka hamsini na minane.

"Shikamoo, mzee!" Mwinyimvua akampigia, mpaka kuku wakakimbia.

"Marahaba," akajibu Msabaha polepole, akimtazama zile ndevu.

Mwanaharusi akauliza kutoka mlangoni: "Ana miaka mingapi huyo?"

"Arobaini!" nikasema.

"Shahidi nani?"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipopata wazimu. "Mimi mwenyewe! Tumeingia jando pamoja hapahapa Mkange, siku moja, kisu kimoja. Mzee Msabaha, baba zetu walituleta kwa sifa za marehemu babako. Kumbi la Nzige!"

Kila kumbi la jando hupewa jina la jambo la mwaka wake, na mwaka wetu nzige walikula mpaka mikeka tuliyolalia. Nilisema kwa majivuno. Ashatu akaitikia kwa kichwa, akijivunia mume.

"Kumbi la Nzige?" akasema Msabaha. Akamtazama mpwa wake. Mpwa wake akatabasamu.

"Nasikia bwana huyu anajua umri wa misitu," akasema Mwanaharusi. "Vizuri. Kesho asubuhi mjomba atampeleka kwenye msitu. Akiutaja umri wake bila kukosea hata mwaka, naolewa."

"Hata leo!" akadakia Mwinyimvua. Masikini, alidhani ameshaoa.

Asubuhi tukashika njia, wanawake nao nyuma yetu. Tulizunguka sana, tukauingilia msitu kwa upande wa Miono, na njiani Mwanaharusi akawa anamdodosa.

"Hebu nieleze, bwana. Msitu ukiachwa miaka kumi, nao unazeeka miaka kumi?"

"Aa, wapi! Kinachozeeka ni mti. Msitu wa Mungu, wakongwe wake wanaanguka, penye mwanya wanachipua watoto. Urudi baada ya miaka mia, utaukuta una wazee, una vijana, una wanaonyonya. Msitu hauzeeki, bibi!"

"Na wewe je, mti au msitu?"

"Mimi? Mimi msitu!"

Ashatu alicheka mpaka akanishika bega asianguke.

Tulipofika penye miti minene, Mwanaharusi akasimama. "Sisi wanawake tunabaki hapa njiani." Sikujiuliza kwa nini. Laiti ningejiuliza!

Mle ndani kulikuwa na joto la tanuri. Mwinyimvua akaukumbatia mkongo wa kwanza, akapima. Shibiri nane. Wa pili, nane. Wa tatu, nane kasoro vidole viwili. Masizi yakaanza kumtiririka kidevuni, yakaingia kwenye kola ya kanzu, yeye hana habari.

"Ajabu!" akasema. "Miti hii ni rika moja! Tazama, hamna mzee humu, hamna kitoto. Hapa palikuwa peupe, pakapita moto, miti yote ikaota pamoja."

"Moto?" akauliza Msabaha.

Mwinyimvua akafukua kwa kisigino, akaokota kipande cheusi. "Makaa haya! Miye msitu haunidanganyi, mzee wangu."

"Na huko mbele rika hili litakuwaje?"

"Ee, hapo ndipo penye hatari! Rika likizeeka kwa pamoja, kwa nje unaliona zima, linang'aa, kumbe ndani ni unga mtupu. Upepo kidogo tu, chali!" Akajifuta ndevu. Kiganja kikatoka cheusi, ndevu zikabaki nyeupe.

Kisha akatuna kifua, akapaza sauti ili huko njiani asikie yule anayestahili kusikia: "Msitu huu una miaka arobaini na minane!"

Msabaha akafungua kiunoni kamba kuukuu. Baba yake alikuwa akifunga fundo moja kila baada ya mavuno, naye akaendeleza, na kila mwaka wa jando wakatia kitambaa chekundu. Akashika kitambaa kimoja kilichopauka, akahesabu mafundo toka hapo. "Arobaini na sita. Arobaini na saba. Arobaini na nane. Umepatia!"

Mwinyimvua akaruka! Akamkumbatia Msabaha, akanikumbatia mimi, akaukumbatia mkongo. "Mwanaharusi! Naoa!" Katika maisha yake yote ya kutaja umri wa miti, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuhakikiwa, na alipatia. Ole wake!

"Ngoja," akasema Msabaha. "Hujauliza hapa panaitwaje. Sisi kumbi likiisha tunalichoma moto, na mahali pale hapalimwi tena wala mwanamke hapakanyagi, msitu unajirudia wenyewe. Hapa, bwana, ndipo lilipokuwa Kumbi la Nzige."

Utaniuliza, hukupatambua? Ndugu yangu, siku ile nilikuwa natazama kisu, sikuwa natazama mandhari!

"Miti hii ilianza kuota mlipotoka ninyi," akaendelea Msabaha, mpole kabisa. "Ina arobaini na minane. Wewe una arobaini. Basi marehemu baba alikutahiri miaka minane kabla hujazaliwa! Baba alikuwa fundi, lakini si fundi wa hivyo."

"Nimekosea!" akalia Mwinyimvua. "Ina ishirini na minane! Shibiri zangu leo zimevimba kwa joto!"

"Ukikosea, huoi."

"Basi nimepatia!"

"Ukipatia, u mzee, na huoi."

Nilimhurumia Mwinyimvua, wallahi, machozi yalimlengalenga. Tukatoka mpaka njiani, yeye mbele, kanzu nyeusi, ndevu nyeupe.

Mwanaharusi akaziona. Akajifunika mdomo kwa leso, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitika Mwinyimvua. Salamu ilimtoka yenyewe. Akajiziba mdomo, lakini ilikuwa imeshafika.

"Na mimi shikamoo, kaka," akasema Msabaha. "Tangu jana unaniamkia, kumbe zamu ilikuwa yangu!"

Hapo nikashindwa. Nilicheka, nikashika mbavu, nikakaa chini kwenye majani nikicheka. Nilipoinua kichwa nikaona ninayecheka ni mimi peke yangu. Ashatu alikuwa anahesabu kwenye vidole.

"Baba," akasema taratibu, "wewe na yeye si mliingia siku moja? Kisu kimoja?"

Nikaanza kujikung'uta majani.

Mke wangu akashika leso yake, akapiga goti palepale vumbini.

"Shikamoo, babu."

Nikaitika. Ningefanyaje?