Ombi la Kuhamia kwenye Ramani Yenu

Bulla Dero, kupitia Hadado,
Kaunti ya Wajir.
Jumatano, 11 Juni 2025

Kwa Bwana Muema,
Afisa wa Leseni na Ramani za Mtandao,
Ofisi ya Kanda, Garissa.

Ndugu Muema,

Assalamu aleikum, na kwa kuwa jina lako ni la Ukambani, pokea pia salamu za kwenu, ingawa sizijui. Natumaini joto la Garissa linakuhurumia na feni ya ofisini imetengenezwa. Mume wangu alifika huko mwaka juzi akarudi na habari mbili tu: leseni ameipata, na feni haizunguki.

Mimi ni Batula Abdille, mjane wa Abdirahim, aliyekuwa na mnara mdogo wa mtandao hapa Bulla Dero. Usifikirie kampuni. Ni bomba la chuma la mita kumi na nane, sahani moja inayotazamana na sahani nyingine iliyoko Hadado, paneli sita za sola na betri nne. Siku tisa zilizopita maafisa wako wawili walikifunga kisanduku chake cha swichi kwa lakiri, wakaniachia barua kwamba leseni haitafanywa upya na kwamba mwisho wa mwezi huu mnara utang'olewa. Lakiri sijaigusa. Naandika kulalamika, lakini kwa adabu, na mwishoni nina ombi moja ambalo naamini litakupunguzia kazi. Barua ataileta binti yangu Kinsi, anayekaa Galbet, huko huko Garissa, kwa sababu njia ya haraka mnajua imefungwa na nani.

1. Kuhusu ramani. Mmesema leseni haifanywi upya kwa sababu Bulla Dero "imekwisha kuhudumiwa", na mkaambatisha ramani. Ni ramani nzuri, na rangi zake hazikuvuka mistari. Sisi tumo katikati ya duara la kijani, na katikati ya duara hilo pana alama ya mnara wa mita arobaini na tano, uliojengwa kwa fedha za umma na kampuni kubwa ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo. Nilipouona niliona aibu. Nimeishi hapa miaka ishirini na sita, na mnara wa mita arobaini na tano ukanipita.

Basi mimi na Mwalimu Aketch, jirani yangu anayefundisha hisabati katika shule yetu, tuliandamana kwa miguu kufuata namba za mahali zilizoandikwa pembeni mwa ramani, simu yake ikituongoza. Zilitufikisha kwenye silanga, bwawa la maji ya mvua, iliyokauka. Tuliizunguka mara mbili kwa heshima. Palikuwa na ngiri amelala, naye hakuonekana kama anayehudumiwa. Mwalimu alisema pengine mnara wa namna hiyo huonekana kwa waliofika chuo kikuu peke yao, kisha akakumbuka kwamba yeye alifika. Simu yake haikuonyesha hata kijiti kimoja cha mtandao. Nalalamika kwamba umejengwa kwa uangalifu mno, hata shimo la msingi halikuachwa.

2. Kuhusu maafisa wako. Walikuwa vijana wa heshima na walikunywa chai yangu. Mmoja wao alipanda juu ya gari lenu, simu mkononi, kuutafuta mtandao wa kwenye ramani. Baba yangu, mzee Abdille, alikuwa akipita na ngamia wake. Alimwambia, warya, kijana wangu, shuka usije ukavunjika kiuno, huo mnara ungekuwapo hawa ngamia wangeshajikuna juu yake zamani. Kijana akashuka.

Kisha wakaniomba neno la siri la mtandao wetu. Wakaandika ripoti kwamba mnara umefungwa na hautumiki, wakaituma Garissa kupitia mnara huo huo, wakangoja mpaka mkawajibu "asante, kazi nzuri", ndipo wakaufunga. Kwa hiyo ripoti yenu ilikuwa ya uongo kwa dakika kumi na mbili. Si muda mrefu. Lakini Abdirahim alikuwa akiandika daftarini hata mtandao ukipotea dakika mbili, na kando yake anaandika aliyekuja kulalamika na kama alikunywa chai.

3. Kuhusu Abdirahim mwenyewe. Alifariki mwezi wa Oktoba, kwa maradhi ya figo. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, kama ilivyo kwetu, bila kutoka nje ya ua. Mtandao haukulala. Sahani ikigeuka, Mwalimu Aketch alipanda mnara na mimi nikamwelekeza kutoka dirishani, kulia kidogo, hapana, kulia kwangu. Wateja wakapata mtandao wao na mimi nikatimiza dini yangu.

Nilituma nakala ya kibali cha mazishi, nikaomba leseni iandikwe kwa jina langu. Mlijibu kwamba leseni huhamishwa na mwenye leseni mwenyewe, akifika ofisini na kitambulisho chake halisi. Niliandika tena, kwa herufi kubwa, kwamba mwenye leseni amezikwa. Safari hii hamkunijibu mimi. Mlimwandikia yeye, mkimwonya kwamba kuna mwanamke anayejifanya mjane wake, na mkamshauri aripoti polisi upesi.

Niliisomea barua hiyo chini ya mnara, mahali alipokuwa akivua viatu. Alivivua kila alipopanda, hata jua likiwa limechoma chuma, na alivipanga vikitazama nyumbani. Nilimuuliza sababu. Alisema akianguka, angalau viatu viijue njia. Kwa niaba yake nawashukuru kwa kumjali. Hajaripoti polisi.

4. Kuhusu orodha ya watumiaji. Hapa nakiri kosa lilikuwa letu. Fomu yenu ilitaka majina ya watumiaji wote. Wateja wetu ni kumi na tisa, lakini kwetu jamaa akikuomba neno la siri humnyimi, kama usivyomnyima maji kisimani, na jamaa hapa ni kila mtu. Ndiyo maana Abdirahim aliuendesha mtandao kwa zamu ya kisima. Asubuhi ni ya wagonjwa na wenye shida za ofisi za serikali, mchana ni ya maduka, alasiri ni ya wanafunzi, na wafugaji wana siku yao wanapoleta mifugo kunywa. Hakuna aliyepigana. Kisimani wanapigana.

Kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, alijaza fomu kwa ukweli. Aliandika nasaba yetu yote, kutoka babu wa kumi na mbili hadi watoto waliozaliwa wiki ile, kwenye karatasi nne alizozibandika kwa gundi, mistari ikishuka kutoka baba hadi mwana. Baada ya mwezi mliirudisha na muhuri mwekundu: "Mchoro wa mitambo umekubaliwa." Alicheka mpaka chai ikapoa ikafanya ngozi juu, na yeye chai yenye ngozi hakuipenda.

Lalamiko langu si muhuri. Lalamiko ni kwamba alikuwa amemsahau shangazi yake, eddo Muslimo, na alipotaka kumwongeza mkasema mchoro uliokubaliwa haubadilishwi bila kuleta mhandisi. Eddo anakaa nyumba ya tatu kutoka mnarani. Tangu siku ile, kisheria, hana mtandao wala baba. Ananilaumu mimi.

5. Kuhusu ngamia. Fomu yenu ya hitilafu ina visanduku vinne: radi, wizi, umeme, vinginevyo. Ngamia si vinginevyo. Kwetu yeye ndiye wa kwanza, radi inafuata mbali sana. Bomba letu ndicho kitu pekee kilichosimama wima kisicho na miiba, na ngamia akijikuna hapo sahani husogea upana wa kidole. Upana huo ukiufikisha Hadado ni mtandao wa kijiji kizima kwenda Ethiopia, ambako hakuna anayeungoja. Abdirahim aliweka ua wa miiba, mbuzi wakaula. Ndipo alipochimbia nguzo ya mti mbali kidogo na kuifunga tairi kuukuu, ili ngamia wajikune huko. Walikubali siku ya pili. Wanapanga foleni.

Nyinyi mlipouona huo mti kwenye picha mkamtaka aombe leseni ya mnara wa pili. Aliomba. Ombi bado liko kwenu, linashughulikiwa. Nimejiuliza mara nyingi kama huo mti nao hauna duara la kijani.

6. Nimeyapima haya yote pamoja, Ndugu Muema, na nimegundua kwamba nimekuwa nikikosea. Nilidhani ramani yenu ina makosa. Haina. Kuna Bulla Dero mbili.

Katika Bulla Dero yenu kuna mnara wa mita arobaini na tano ambao hauhitaji betri, haufikiwi na vumbi na hakuna ngamia aliyewahi kuugusa. Mtandao upo mchana kutwa. Hakuna zamu. Abdirahim yu hai, anapokea barua, anaonywa juu ya matapeli, na anatarajiwa ofisini wakati wowote na kitambulisho chake. Katika Bulla Dero yangu kuna kisanduku chenye lakiri, mwalimu anayepanda bomba, na kaburi upande wa magharibi wa msikiti.

Kwa hiyo naomba rasmi kuhamia kwenu.

Sihitaji makubwa. Nipeni nafasi ndani ya duara la kijani, si lazima karibu na mnara. Nitakuja na mkeka, birika, daftari lake na cherehani. Tafadhali mjulisheni Abdirahim kwamba nakuja, kwa kuwa nyinyi mna mawasiliano naye na mimi sina. Mwambieni nimebadilisha maji ya betri ya pili kama alivyotaka, na kwamba Kinsi amejifungua mtoto wa kiume. Nikishafika atanitambua mwenyewe, na ile habari ya mwanamke anayejifanya mjane itakwisha bila polisi.

Majirani wamesikia habari za ombi hili, na wengi wanataka kufuata. Ni kaya mia mbili na themanini, pamoja na mifugo. Wanauliza kama silanga ya kwenye ramani ina maji. Mzee Abdille anauliza kama kuna tairi. Eddo Muslimo anauliza kama huko anaweza kuandikishwa upya kuwa binti wa baba yake. Wakishahama wote, huku kutabaki watu sifuri, na nyinyi mtaweza kuandika bila kusitasita kwamba hakuna mtu Bulla Dero asiye na mtandao. Nadhani ni kazi nyepesi kuliko kuja kung'oa bomba. Na ikiwa vipo vijiji vingine chini ya rangi ya kijani ambavyo vimejikuta havimo ndani ya ramani yenu, nasikia hata upande wa Takaba vipo, vipeni navyo fomu.

Nawasalimu wote ofisini: katibu wako, maafisa wale wawili, hasa yule aliyepanda juu ya gari, naomba aangalie kiuno chake. Mwalimu Aketch anawasalimu. Mzee Abdille anawasalimu na kuuliza mvua ya huko. Eddo Muslimo anasema yeye hawezi kuwasalimu kwa kuwa hayumo kwenye mchoro, lakini amesimama hapa nyuma yangu.

Wako mtiifu, nikingoja kuhamishwa,

Batula Abdille
Mjane, isipokuwa kwenye faili lenu

Nyongeza. Alhamisi, saa nane mchana.

Ndugu Muema, bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa, inangoja gari la maziwa liipeleke kwa Kinsi. Asubuhi Mwalimu Aketch alikuja na watoto thelathini na mmoja wa gredi ya tisa. Serikali imetaka wachague shule za sekondari kupitia mtandao, na mwisho ni kesho. Asiyechagua atachaguliwa na kompyuta, nami sijui kompyuta hiyo inatumia ramani ya nani. Mwalimu hakuniomba chochote. Aliwaketisha tu kwenye kivuli cha paneli na kusema, Mama Kinsi, wamekuja kukujulia hali. Wote wakanijulia hali, mmoja mmoja, mpaka wa thelathini na mmoja.

Nimekata lakiri kwa kisu cha vitunguu. Mnara unafanya kazi tangu saa tatu, na watoto waliobaki ni sita. Msichana mmoja amechagua shule ya Garissa yenye maabara, kisha akaniuliza kama kweli ipo au ni ya kwenye ramani. Nilimwambia ipo, nimepita mbele yake.

Kwa hiyo niliyoandika juu ya lakiri si kweli tena, na ombi la kuhama nimeliondoa, mimi na kaya zote. Huko kwenu Abdirahim yu hai, lakini hakuna hata mtoto mmoja anayetafuta shule. Nitabaki huku alikofia. Kesho sitaufunga, wala kesho kutwa, na mwisho wa mwezi mkija kuung'oa mtanikuta.

Kitu kimoja tu. Mkitaka kunishtaki, msimwandikie yeye. Niandikieni mimi, kwa jina langu, Batula Abdille.

Naomba mnikumbuke.