Pori la Sabiri na Saa ya Sukari

Mambo ya Sabiri yaliharibika Jumatatu ya tarehe nane Septemba, siku aliyodhani amepata shamba bila kushika panga.

Alikuwa kwenye benchi la zahanati akikwepa jua la Mkata, macho yapo ng'ambo ya barabara, kwenye pori lisilo na mwenyewe. Huku kwetu anayefyeka pori ndiye mwenye shamba, na mikono ya Sabiri, mtoto wa Korogwe mjini, ilizoea kusalimia watu tu. Mara wagonjwa wa sukari wakatoka kwa nesi wamenuna.

"Vipimo vimeisha tena," akasema Bibi Mwantumu, aliyekwisha kukatwa kidole cha mguu. "Eti nikafanye mazoezi."

"Shikamoo, bibi. Amekuambia saa ngapi?"

"Marahaba. Saa ngapi nini?"

"Mazoezi. Mwili una saa yake. Ukiukimbiza wakati sukari imelala, unajichosha bure."

Hilo alilisikia redioni, na huenda ndilo neno la kweli pekee alilowahi kulibeba. Akamshika bibi mkono, akautegea sikio kama mtu anayesikiliza simu kwenye mtandao mbovu.

"Alasiri," akatangaza.

Ajabu ya Mungu, saa za wagonjwa wote zilisema alasiri, tena zikasema pori lile lile, na panga uje nalo. Ada, kuku mmoja. Mzee Simeo, mtu wa Vugiri milimani aliyezoea kupanda vilima, akauliza kama hawezi kutembea tu.

"Kutembea ni kwa wenye presha, mzee wangu."

Basi kila alasiri wakafyeka, Sabiri kivulini anakunywa supu ya ada. Wakubwa wa wilaya walipita na gari lao, wakapunga mikono. Walidhani ni mradi wao.

Mvua za vuli zilipokaribia, Sabiri akaja na mbegu za mahindi. Akakuta vijiti vya mihogo vimeshasimama, kila mgonjwa na kipande chake.

"Bibi, hili shamba langu."

"Tuonyeshe kisiki ulichokata, mwanangu. Kimoja tu."

Sabiri akamkimbilia mwenyekiti wa kijiji, mtu asiyewahi kuamua jambo bila kujimegea. Mwenyekiti akatazama viganja vya Sabiri, laini kama maandazi.

"Mwenye shamba ni mwenye sugu," akasema, kisha akajikatia kona ya barabarani. Sugu zake yeye ziko makalioni, ila hakuna aliyethubutu kuomba kuziona.

Sabiri akapanda basi la Korogwe na mbegu zake.

"Kasalimie," akasema Mzee Simeo. "Ukifika ukachape usingizi. Saa yako imesimama."

Siku hizi Bibi Mwantumu haamki kukojoa kila mara, na nyayo zimeacha kumwaka moto. Juzi akarudi kwenye benchi lile, ambalo wagonjwa wengine wamelikalia wakingoja vipimo mpaka wakatolewa na sanda, akaomba kujua kama sukari imeshuka kweli. Nesi akafungua kabati, tupu. Akapiga simu wilayani. Wilayani wakasema wanauliza juu.

Na huko juu, nani anajua vipimo vitakuja lini?