Kikombe Kinachomeza Leza

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi imetangazwa! Msimamizi wa chumba cha leza. Profesa atamtaja Ijumaa. Ni mimi au Mpole, fundi mwenzangu, mtu asiyeongea, anaandika tu kwenye kijitabu chake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nasema kimya kingi ni kukosa la kusema. Mke wangu nimeshamwambia nimepata. Naye ameshamwambia mama yake. Sina pa kurudi.

Jumanne, 4 Machi
Profesa ametueleza kazi yetu upya, nadhani kwa ajili yangu. Ndani ya mashine gesi inapikwa mpaka inalishinda jua kwa joto, kipimajoto hakifui dafu. Basi tunaiakisi leza kwa vioo sita ipite katikati, elektroni zinatawanya mwanga kidogo, na huo ndio tunaoupima. Ukiwa mwingi, elektroni ni nyingi. Rangi zake zikitanuka, joto limepanda. Leza inayobaki inaishia kwenye kikombe cha chuma upande wa pili. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilichoelewa: mwanga mwingi, sifa nyingi.

Jioni nikakichungulia hicho kikombe. Salaale! Cheusi tii, kama sufuria ya kuni. Na zamu ya usafi ni ya Mpole! Nimempata. Nitakisafisha mimi, sifa ziwe zangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimewahi kabla ya watu. Saa mbili nzima nasugua kwa waya wa sufuria. Weusi mgumu ajabu, utadhani mtu aliupaka makusudi. Mwishowe kikang'aa, nikajiona mpaka meno.

Alhamisi, 6 Machi
Rekodi! Saa nne leza imepigwa, grafu ikapanda mpaka ikatoka nje ya skrini. Nikakimbia korido nzima nikitangaza kwamba tumepata elektroni zisizowahi kuonekana. Profesa akatoka na kiatu kimoja. Nikampigia mke wangu, akapiga vigelegele.

Mpole akainua mkono. Akauliza, taratibu, elektroni hizo zimetoka wapi, maana mashine leo haikuwashwa. Ilikuwa leza tu ya majaribio. Ndani patupu.

Profesa akaenda kukichungulia kikombe. Akajiona. Akarudi akiuliza ni nani. Kumbe ule weusi ndio uliokuwa unaimeza leza isirudi kupofusha vipimio! Sasa mtu atajuaje? Mbona hawakuandika "usinioshe"?

Ijumaa, 7 Machi
Amepewa Mpole. Sikulia, macho yaliwasha tu. Mke wangu amesema mama yake ameshawaambia majirani, kwa hiyo nikamweleze mwenyewe. Nimempigia mama mkwe. Wala hakunifokea. Alisema pole, baba, akauliza kwani hasa huko kazini huwa nafanya nini. Nimemwambia nitampigia baadaye na jibu. Hadi sasa nalitafuta.

Jumamosi, 8 Machi
Adhabu yangu: kukipaka kikombe rangi nyeusi, peke yangu, wenzangu wamepumzika. Nimepaka mara tatu, kazi safi. Haya, nakiri, kosa nimelijua. Kinachong'aa ni hatari, cheusi ni salama.

Rangi imebaki nusu kopo. Kuinua macho, naona vile vioo sita vinavyoongoza leza vinang'aa vibaya mno! Na Mpole, msimamizi mzima, wala hajashtuka. Jumatatu atanishukuru mbele ya Profesa. Nimeshamaliza vinne.