Malalamiko Dhidi ya Mpiga Pasi Aliyevunja Kufuli la Mlango wa Dharura

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Kiwanda chetu cha Mashati,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako, na kwa masikitiko ambayo hayana cheo.

Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Dharura, kamati uliyoizindua mwenyewe miaka mitatu iliyopita kwa kukata utepe mlangoni mwa ofisi yangu. Naandika kuhusu moto wa Jumanne iliyopita katika chumba cha kushonea, ghorofa ya kwanza. Moto wenyewe haunikeri. Moto huja, na kamati ipo kwa ajili yake. Anayenikera ni mwanamke mmoja wa meza ya kunyooshea, ambaye wenzake humwita Mama Pasi. Jumatano hii ataletwa mbele yako kujieleza, nami naomba kwa unyenyekevu umwachishe kazi asubuhi hiyohiyo.

Kwa ufupi mambo yalikuwa hivi. Saa nne asubuhi waya uliokuwa ukining'inia juu ya marundo ya vitambaa ulitoa cheche. Moshi ukajaa ngazi kuu. Mafundi sitini na mmoja wakakimbilia mlango wa dharura ulio nyuma, wakaukuta umefungwa kwa kufuli, kama unavyotakiwa kuwa siku zote. Badala ya kutulia, Mama Pasi akanyanyua pasi yake ya chuma, ile nzito ya kunyooshea kola, akaligonga kufuli mara nne likakatika. Watu wote wakashuka salama. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Lile halikuwa kufuli la kufungia banda la kuku. Tulilichagua kwa vikao viwili, na muhtasari upo. Tulilifunga pale kwa sababu mafundi walikuwa na tabia ya kutoka nje kuvuta hewa, kana kwamba ndani hatujawawekea hewa. Utaratibu wa kulifungua umebandikwa ukutani ofisini kwangu: msimamizi wa zamu anajaza fomu, Katibu anathibitisha, mimi naidhinisha, ndipo ufunguo unatoka. Mama Pasi hakujaza hata jina lake.

2. Kengele ilikuwa haijalia. Kwa mujibu wa mwongozo wetu, dharura huanza kengele inapolia, na kengele hulia kamati ikishaamua kwamba dharura ipo. Kamati ina wajumbe tisa na akidi ni sita. Siku hiyo watano walikuwa hotelini kwenye semina ya usalama kazini. Sisi wanne tuliobaki tulikutana bila kuchelewa pale getini, tukafungua kikao, tukasikitika kwamba hatutoshi, tukaanza kuwapigia simu wenzetu wawili waje. Tukiwa katika hatua hiyo, tukaona watu wanazunguka kutoka nyuma ya jengo wakikohoa. Maana yake walikuwa wanakimbia jambo ambalo bado halijatangazwa. Mtu anayeacha kazi yake namna hiyo kwa lugha yetu ya ofisini huitwa mtoro, na nimewaandika hivyo.

3. Mpangilio wa kutoka ulikuwa aibu tupu. Mwongozo unasema wasimamizi kwanza, kisha mafundi wakuu, kisha wengine kwa ngazi zao za ajira, na wafagizi mwisho. Waliotangulia kutoka ni mjamzito wa meza ya vifungo na mzee wa kukata nyuzi mwenye goti bovu. Msimamizi wa zamu alitoka wa hamsini na tisa, nyuma ya mfagizi. Nilipomuuliza kwa nini alikubali kuvunjiwa heshima, akasema Mama Pasi alimwambia asimame mlangoni ahesabu watu, basi akahesabu. Ana miaka kumi na tisa ya utumishi.

4. Kuna maneno yanayozagaa kantini kwamba mitungi ya kuzimia moto ilikuwa imefungiwa stoo. Ndiyo, ilikuwa imefungiwa, isije ikaibwa au, vibaya zaidi, ikatumika. Tulipewa mitungi minne na wafadhili. Wageni wakija kukagua tunaitoa, tunaipanga ukutani, wanapiga picha, tunairudisha kwenye nailoni yake. Miaka mitatu haijapata mkwaruzo. Kuhusu ndoo za mchanga, mchanga ule ulitumika kutengeneza mahali pa kuegesha gari lako, na wakati ule hukulalamika. Gari la zimamoto nalo liliitwa na muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, bila kupitia kwetu.

5. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Fomu ya ripoti ya majanga ina sehemu ya waliofariki, sehemu ya majeruhi, sehemu ya rambirambi, na mwisho ombi la msaada. Hotuba ya rambirambi niliiandika tangu mwaka jana, ukurasa mmoja na nusu, na sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Kuna mahali nasema "mmetutoka mikono ikiwa bado kwenye cherehani", Katibu aliposoma alifuta macho. Sasa niisome wapi? Kila nafasi nimejaza sifuri. Mfadhili gani ataguswa moyo na sifuri?

6. Jeuri. Semina ilipokwisha na akidi ikatimia, tulimwita. Nikamuuliza kwa upole kwa nini hakuomba ufunguo. Akajibu kwamba aliomba, tena kwa kupiga kelele kwenye nondo za dirisha, akaniona getini nimeshika makaratasi, na mimi nikampungia mkono. Ni kweli nilimpungia. Nilimaanisha asubiri. Akasema watu walikuwa wanaanguka, na mkono wangu haukuwa na ufunguo. Wajumbe wawili wakacheka, nao nimewaandikia barua za onyo.

7. Amevimbishwa kichwa. Ijumaa bomba la maji lilipasuka chumba cha kufulia. Hakuna aliyekuja kwangu. Walimfuata yeye, akaja na ndala zake, akafunga koki, akarudi kwenye meza yake kabla sijamaliza kuvaa fulana ya kamati. Tukiendelea hivi, kila janga litakuwa linakwisha kabla halijajadiliwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, Mama Pasi aachishwe kazi, na barua yake isomwe kwa kipaza sauti. Pili, wote sitini na mmoja waandike maelezo kwa nini walitoka bila kibali. Orodha ya majina anayo Katibu. Tatu, kwa kuwa kufuli limedhihirika kuwa kishawishi, mlango wa dharura uzibwe kwa matofali, ubaki ule mchoro wa mtu anayekimbia, maana wakaguzi huupenda.

Nayaacha haya mikononi mwako. Wasalimie nyumbani, shemeji na watoto, dereva wako, na mabwana wa makao makuu.

Wako mtiifu katika utaratibu,
Mwenyekiti, Kamati ya Dharura

N.B. Haya naongeza kwa kalamu, barua ikiwa imeshapigwa mhuri na kusajiliwa. Jioni nilipita kwa mama yetu ili mdogo wangu wa kike anisahihishie herufi, maana yeye ni hodari. Anashona kola hapo hapo kiwandani, zamu ya mchana. Aliisoma yote. Kisha akaniambia, "Kaka, kwenye orodha ya watoro umeniandika vizuri?" Sikumwelewa. Akasema Jumanne alibadilishana zamu na mwenzake aliyekuwa anauguza mtoto. Alizimia karibu na mlango, na Mama Pasi alimshusha ngazi akiwa amembeba mgongoni. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wiki nzima. Akasema siku ile aliponiona getini nikipunga mkono, alidhani nampungia yeye.

Mheshimiwa, nisamehe mwandiko. Kwa utaratibu wetu, barua iliyosajiliwa haiwezi kuondolewa ila kwa uamuzi wa kikao. Kikao ni Alhamisi, na Mama Pasi anafika mbele yako Jumatano. Nimewapigia wajumbe simu tangu magharibi, nimewapata watatu tu. Nakuomba usingoje akidi. Ichane.