Nikipaa, Mume Wangu Abaki na Nani?

Jumatatu, 8 Septemba

Bwana asifiwe! Tarehe imetoka. Jumamosi ya tarehe ishirini, jua likiwa utosini, watakatifu tunanyakuliwa. Amesema mwinjilisti mgeni, yule mwenye spika mbili na suti ya rangi ya maziwa. Kapiga hesabu za nabii Danieli ubaoni, mbele yetu wote, na jibu likatoka bila baki. Mimi shuleni hesabu zangu zilikuwa na baki siku zote. Nikaamini pale pale.

Nimerudi nyumbani naimba. Mtaa wetu wote wa Likombe nimeutangazia. Wengine wakacheka. Nikawasamehe, hawana muda mrefu.

Nimemkuta Magreth barazani kwake anakaanga vitumbua. Magreth ni jirani yangu, mjane, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Pia ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu wanataniana tangu enzi za mababu, kwa hiyo anaruhusiwa kuniambia lolote, na mimi nikinuna ndiye sina adabu. Nikamwambia naondoka. Akageuza kitumbua, akasema haya mtani, safari njema, ukipaa acha ufunguo juu ya mlango, mume wetu nitamtunza.

Mume wetu!

Nikacheka, ndiyo mila. Nimefika ndani kicheko kikaniishia. Baba Baraka haendi kanisani. Atabaki. Magreth naye atabaki. Mlango kwa mlango! Na vitumbua vyake, nasema ukweli mbele za Mungu, ni vitamu.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango: Baba Baraka aokoke kabla ya siku yenyewe, tupae wote. Rahisi.

Nimempikia ming'oko, ile mizizi ya porini anayoipenda, na pweza wa nazi pembeni. Nikamngoja ashibe, maana mwanaume hahubiriwi akiwa na njaa. Kisha nikampa habari njema.

Akatafuna. Akauliza kama hii ndiyo ile ya mwaka elfu mbili au ni nyingine.

Ee Mungu, Nnungu wangu, mtu huyu hasahau! Ni kweli, mwaka ule tuliambiwa dunia inaisha. Nikamkataza asipande mihogo, na iliyokuwa shambani tukaing'oa yote tukala kwa furaha. Januari ikaingia. Dunia ipo, mihogo haipo. Tangu hapo kanisa analipita kwa mbali kama mbuzi anavyolipita bucha.

Akasema bandarini wameshaanza kufagia maghala, msimu wa korosho unakuja, na yeye kazi yake ni kupakia. Yesu akija atamkuta na gunia begani, na hadhani kama atamkasirikia. Akaomba aongezewe pweza.

Nimemwongezea. Mimi mjinga.

Alhamisi, 11 Septemba

Mashine ya kusaga. Foleni ndefu. Mimi na makopa yangu ya muhogo mkavu, mbele yangu nani? Magreth na mchele wake wa vitumbua!

Nikashtuka. Imeandikwa wanawake wawili watakuwa wakisaga, mmoja atachukuliwa, mwenzake ataachwa. Miaka yote mstari huo umenifurahisha, kwa sababu nilijua wa kuchukuliwa ni mimi. Leo ndiyo nimeufikiria upande wa pili. Huyu anayeachwa, anaachiwa nini? Anaachiwa Baba Baraka!

Hapo hapo nikapata mpango mwingine. Nimchafue mume wangu. Nikamwinamia Magreth sikioni, nikamwambia mambo ya ndani. Kwamba Baba Baraka anakoroma kama lori la korosho linapanda kilima. Kwamba kikohozi chake ukikisikia utadhani mlango umevunjwa. Kwamba soksi zake nazifulia nje ya uzio. Bwana nisamehe, soksi hana.

Magreth akasikiliza kwa huruma, akatikisa kichwa, akasema pole mtani, umebeba mzigo peke yako.

Jioni akaja na chupa ya chai. Mchaichai na tangawizi, eti dawa ya mkoromo. Baba Baraka kanywa vikombe viwili, kasifia. Kalala kimya kama mtoto mchanga. Mimi nimekaa macho kwa sababu ya huo ukimya.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda shambani, kijiji cha Ziwani. Mikorosho imetoa maua mazuri, chini yake majani yamefika magotini. Sikupalilia. Atakayeokota korosho na apalilie.

Jirani yangu wa shamba, dada Fatuma, alikuwa anafyeka la kwake. Huyu ni Mwislamu, mtu wa haki, haogopi mtu. Nikaona ndiye wa kumkabidhi. Nikamwomba, siku nikishaondoka, awe anapita Likombe mara kwa mara, na akimwona Magreth jikoni kwangu amtoe.

Fatuma akasimamisha panga. Akasema kumbe Mama Baraka umeshanipangia kubaki, hata hodi hukunipigia! Nikaona haya. Nikaanza kueleza, nikazidi kuharibu. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema na wao wanamngoja Nabii Isa arudi, wamefundishwa tangu chuo cha Kurani, lakini babu yake alimngoja jembe likiwa mkononi, na baba yake hivyo hivyo, ndiyo maana yeye amerithi shamba na si pori. Halafu akaniuliza, sasa mumeo unampenda au unamlinda?

Swali gani hilo? Nikachuma kisamvu nikaondoka.

Jumapili, 14 Septemba

Mchungaji wetu Chilumba leo kahubiri kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Karudia mara kadhaa, akiniangalia mimi. Nadhani ni wivu wa spika. Sisi tuna moja tu, na inakwaruza.

Baada ya ibada nusu ya kwaya wakasema wanamfuata mchungaji. Vijana nao wamechoka, wanasema kila mwaka tarehe, kila tarehe inapita. Mmoja akauliza kwa nini mwinjilisti anajenga nyumba kama dunia inaisha. Nikamjibu anajengea watakaobaki. Jibu zuri! Hata mimi nimejishangaa.

Alhamisi, 18 Septemba

Maandalizi. Gauni jeupe limefuliwa, limepigwa pasi. Kitenge changu cha maua ya zambarau na kilemba chake nimeviacha kitandani, nikamwambia Baba Baraka agawe kwa mhitaji. Nikasisitiza, mhitaji wa mbali.

Jaribio la mwisho. Nimemwambia vitumbua vya Magreth vinakaangwa kwa mafuta ya siku nyingi. Akasema anajua, ndiyo yanayovipa ladha.

Nimelia kidogo. Akaniuliza nini. Nikamwambia moshi. Ndani hamna moto hata kidogo. Akaniangalia, akatoka nje akapiga brashi viatu vyake vya harusi. Viatu vya nini? Vya kumfurahisha nani?

Jumamosi, 20 Septemba

Nipo bado. Duniani.

Asubuhi Baba Baraka hakwenda bandarini. Kasema ana shughuli. Shughuli gani, siku mke wake anapaa? Nikameza. Nikavaa jeupe, nikamuaga. Akanishika mkono, akasema uende salama Skolastika. Jina langu hajaliita tangu tumzae Baraka.

Uwanjani kwa mwinjilisti tulikuwa wachache. Mwinjilisti kafunga macho, spika zinanguruma, jua linapanda. Mikono juu. Nyimbo. Na mimi mikono juu, lakini moyo umekimbilia kwenye viatu. Nikafungua jicho moja. Kibanda cha Magreth kinaonekana ng'ambo ya barabara, anapouzia vitumbua kila Jumamosi. Kimefungwa!

Jua utosini. Mwinjilisti anapiga kelele, watu wangu, miguu iwe myepesi! Yangu ikawa myepesi kweli. Nikamwambia aliyesimama pembeni yangu nakwenda msalani, nikatoka mbio. Gauni jeupe, mchanga mwekundu, mama mzima wa makamo. Kama ni kunyakuliwa, wangenikuta njiani.

Nikafika. Kumbe kilio kinasikika tangu kona. Uani kwangu mkeka umetandikwa, kina mama wamekaa. Na katikati yao, mimi! Nasema mimi! Kitenge changu cha zambarau, kilemba changu, unga wa muhogo usoni, kitabu kimeshikwa kwapani kama ninavyoshika. Magreth! Analia kwa sauti yangu, anatembea kwa mwendo wangu, ule wa bata aliyeokoka. Anaomboleza, jamani Mama Baraka amepaa, ametuacha, nani sasa atatuambia kwamba tunakwenda motoni? Kisha anasali kama mimi, anafumbua jicho moja kuangalia nani hakufumba. Kina mama wanalia kwa kicheko.

Msiba wangu! Watani hufanya hivyo mtu akifa, humvaa na kumuigiza, na hawaondoki mpaka wapewe chao. Magreth kasema kwa kuwa nilitangaza mwenyewe kwamba naondoka, na kaburi halitakuwepo, ataidai haki yake mapema. Na haki yenyewe ilikuwa kwenye kwapa lake la pili: kuku wangu mwekundu. Mtani akishika kuku, hanyang'anywi.

Baba Baraka alikaa kwenye mkeka mahali pa mfiwa. Koti la harusi. Viatu vinang'aa. Machozi yanamtoka, nusu kicheko, nusu sijui nini.

Wote wakaniona. Magreth akapiga ukelele, jamani amefufuka!

Nikamfuata mume wangu, nikamuuliza viatu hivyo ni vya nani. Akainamisha kichwa. Akasema alijua si kweli. Lakini alifikiri, kama ikiwa kweli, asije akakutwa na vumbi la ghala mbele ya Mungu wa mke wake. Akasema alikuwa amepanga aje uwanjani asimame karibu yangu jua likifika utosini, ndipo mtani huyu akamzuia mlangoni na msiba wake, akisema mfiwa hatoki.

Nilikaa kwenye mkeka, kwenye msiba wangu. Tumemla kuku mwekundu. Magreth kampika kwa nazi. Alikuwa mtamu, hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 21 Septemba

Mwinjilisti ameondoka na basi la alfajiri. Spika kaenda nazo.

Nilitaka nisiende kanisani. Watu wangenicheka. Baba Baraka akavaa lile koti, akasema twende, wakicheka watatucheka wawili. Akaingia! Akakaa benchi la nyuma. Mchungaji Chilumba hakunisuta, hakuligusa jambo lenyewe kabisa. Alinishika mkono akasema Mama Baraka tumefurahi bado tunaye.

Nimetafakari. Kwa nini haikutokea? Jibu nimelipata: saa yenyewe mimi nilikuwa barabarani. Bwana aliangalia uwanjani, hakuniona, akaahirisha. Hesabu za mwinjilisti hazina kosa.

Jumapili, 28 Septemba

Baba Baraka kaja tena kanisani. Amejiandikisha kubatizwa. Haleluya! Ming'oko na pweza vimefanya kazi, ila vilichelewa kidogo.

Lakini Magreth naye kaja. Eti kunisindikiza mimi mtani wake, nisione haya peke yangu. Akaimba. Ana sauti, siwezi kukataa. Mwalimu wa kwaya akamsimamisha pale pale. Sasa ni sauti ya kwanza, na mimi niliyeimba sauti ya kwanza tangu kanisa likiwa turubai nimehamishiwa ya pili. Nikaambiwa ndiyo upendo.

Basi, nikajituliza. Sasa tutapaa wote watatu. Hakuna wa kubaki na mwenzake. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 29 Septemba

Furaha! Kuna nabii mwingine, huyu wa kwenye simu, ana ndevu nyeupe, anaonekana mtu makini. Anasema wale wa Septemba walikosea, ni Novemba. Kapiga hesabu. Bila baki!

Nimempigia dada Fatuma kumjulisha. Akaniuliza majani chini ya mikorosho nimeyafyeka. Nikamwambia sasa kuna haja gani. Akasema anakwenda kunifyekea la kwangu akimaliza la kwake, kisha simu ikakatika, sijui alikuwa anacheka au mtandao.

Nikachukua Biblia nijiandae. Nikafungua tu popote, nikakutana na pale paandikwapo kwamba kule mbinguni watu hawaoi wala hawaolewi.

Nikasoma tena. Hawaolewi!

Maana yake nikifika kule, mimi si mke wa mtu. Baba Baraka si mume wa mtu. Na Magreth yupo pembeni, sauti ya kwanza, milele na milele!

Haiwezekani. Magreth lazima arudi kwao Katoliki kabla ya Novemba. Kesho asubuhi navaa gauni jeupe naenda kumwona padri wake, nimwambie kwa upendo kwamba kuna kondoo wake mmoja amepotea, na mimi ninajua alipo.