Nyumba Iliyopandishwa Cheo

"Shoga, nyumba yako imefungwa au imepandishwa cheo?"

Hilo ndilo swali aliloulizwa Shangazi na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, asubuhi alipokuta bango la bati limepigiliwa juu ya mlango wake. Jibu lilikuwa kwenye bango lenyewe. Idara ya Majumba Yenye Haiba ilikuwa na furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba nyumba hiyo, kwa ukongwe wake, dari zake za juu na milango yake ya mbao nzito, tangu leo ni Nyumba Yenye Haiba, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza zilikuwa zile zilizokwisha anguka.

Shangazi akamshukuru Mungu, kwani alizoea kushukuru kwanza na kuuliza baadaye. Kisha akaenda kumwita fundi.

Paa la chumba cha nyuma lilikuwa na tundu la kupitisha kichwa. Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi minane, naye alikuwa anakuja kujifungulia humo humo alimozaliwa yeye mwenyewe. Binti alibakiza wiki tatu. Mvua zilibakiza mbili, kama zingekuwa na adabu ya kungoja.

Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Kesho, na kila aliyewahi kumpa kazi alijua sababu. Alipanda ngazi, akagonga boriti, akashuka na vumbi la mchwa kichwani. Akaeleza kwamba boriti imebaki ganda tu, inasimama kwa mazoea. Halafu akasema ataanza leo. Hapo ndipo Shangazi alipoogopa kweli.

Kesho hajatoa hata kigae cha pili, afisa wa Idara akaingia. Suti, faili kwapani, mhuri mfukoni. Akamwamuru Kesho ashuke, akafafanua kwa upole kwamba nyumba yenye haiba hairekebishwi, inahifadhiwa. Kila kitakachokutwa ndani siku ya ukaguzi kinaingizwa kwenye Orodha ya Haiba, na kikishaingia hakiondolewi, hakisogezwi, hakizibwi wala hakikaushwi bila kibali cha Kamati. Atakayekiuka, miezi sita ndani.

Shangazi akauliza Kamati hukaa lini. Afisa akajibu kwamba haijawahi kukaa, maana ukumbi wake nao una haiba.

Ukaguzi ukaanza. Nyufa tisa zikapewa namba. Tundu la paa likaandikwa "mwanga wa asili". Mchwa wakaandikwa "wakazi wa kudumu". Sufuria iliyotegwa chini ya tundu tangu mvua za mwaka jana ikawa "chombo cha kale", na Shangazi alipouliza sasa atapikia nini, akaambiwa swali hilo ni la idara nyingine.

Mwisho ilitakiwa picha ya chumba. Afisa akavuta kiti cha marehemu mume wa Shangazi, akakiweka katikati, chini kabisa ya ule mwanga wa asili, akaketi na kukunja nne. Picha isiyo na afisa, alisema, haina uzito. Kesho akapewa simu, akapiga picha.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akiangalia.

"Mwanangu, na picha nayo ni orodha?"

"Picha ndiyo orodha yenyewe, mama. Kilichomo pichani hakitoki." Akagonga mhuri kwenye orodha, akaituma picha makao makuu papo hapo. Kisha akainuka.

"Kaa, mwanangu," alisema Shangazi. "Umo."

Afisa akacheka. Akaitazama picha. Akaacha kucheka. Alikuwa mtumishi mwaminifu, hajawahi kukiuka mhuri wake mwenyewe tangu aajiriwe. Akaketi.

Wingu lililokuwa limenuna tangu asubuhi likafunguka. Tone la kwanza lilimwangukia utosini, la pili shingoni, na baada ya hapo hakukuwa na haja ya kuhesabu. Akaomba asogeze kiti kidogo. Kesho akamkumbusha kwamba kiti ni namba kumi na nne. Akaomba sufuria ajifunike. Chombo cha kale. Akaomba mwavuli wa jirani, ambaye kwa wakati huo alikwisha kuja kushuhudia, naye akasema mwavuli anao, ila haumo pichani, na kuongeza kitu si kuharibu haiba?

"Mimi miezi sita siiwezi, mzee," Kesho alisema. "Nina kazi za watu."

Afisa akapekua faili lililokwisha lowa. Hakukuta kibali cha kuondoa mtu mmoja. Alikuta kifungu kimoja tu kilichokuwa ndani ya uwezo wake: kufuta Orodha nzima na hadhi ya nyumba, ikiwa ukaguzi ulikuwa na dosari. Akaandika kwamba ulikuwa na dosari. Akasaini, akagonga mhuri, akanyanyuka nusu.

Shangazi akanyoosha mkono kumzuia. Shule aliiacha mapema, kwa hiyo aliisoma karatasi kama asomavyo maandiko: kidole chini ya kila neno, bila haraka, na mwisho wa kila mstari akivuta pumzi. Maji yakaendelea kumtiririka afisa mgongoni.

"Hapa umesahau tarehe, mwanangu."

Akaweka tarehe.

"Na mchwa hujawataja. Wasije wakabaki."

Akawataja mchwa. Shangazi akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akamwambia Mungu amjalie safari njema.

Kesho alikwisha panda ngazi. Afisa alipofika mlango wa mbele, Kesho akang'oa bango kwa pigo moja la nyundo, akamkabidhi mwenyewe mikononi. Nje mvua ilikuwa imeshika kasi. Afisa akalitazama bango, akaitazama barabara. Akalipandisha kichwani, maandishi yakiangalia juu, akalishika kwa mikono miwili, akatoka.