Kitenzi cha Herufi Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa Kiingereza katangaza: Ijumaa, mbele ya shule nzima mstarini, atakayeeleza vizuri kitenzi kimoja cha Kiingereza, maana, matumizi na asili yake, atakabidhiwa ufunguo wa maktaba. Ufunguo! Vitabu vyote, na mlango unaofungwa kwa ndani! Mpinzani ni mmoja: Redio, jirani yangu wa dawati, asiyezimika. Anautaka apate pa kulala mchana. Kufuru!

Jumanne, 4 Juni
Redio kachagua "understand", refu kama treni. Mimi, ninayeogopa hata kuitwa jina darasani, nimejiandikisha kwa "get". Herufi tatu! Nitapanda jukwaani, nitalieleza, nitashuka. Akili nyingi!

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Nimefungua kamusi. Kupata, kufika, kuelewa, kuamka, kupanda basi, kupona homa... Unafunua ukurasa, bado "get"! Dada kacheka hadi akakaa chini. Eti, mdogo wangu, umevuta kamba, kumbe mwisho wake kuna ng'ombe. Majina yameshabandikwa. Hakuna kubadili.

Alhamisi, 6 Juni
Asili yake tamu! Lilifika Uingereza na wahamiaji wa kaskazini, waliovuka bahari zamani sana. Nimenakili kila kitu. Mama kasema hapashi chakula mara ya tatu. Hiyo kamusi na inipikie.

Ijumaa, 7 Juni
USHINDI! Redio alimaliza upesi, makofi kidogo. Nikapanda. Sikuthubutu kuinua macho, nikasoma tu. Kengele ikalia. Nikaendelea. Mwalimu wa hisabati akakohoa. Nikaendelea. Mkuu wa shule hataki anayezungumza Kiingereza jukwaani akatizwe, basi hakuna wa kunishusha. Nilipofika kwenye wahamiaji, kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha, na jaribio la hisabati tulilopangiwa humo limekwenda nacho. Shangwe! Nikabebwa juu juu! Redio, ambaye hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa hisabati, kaniita mkombozi na kusema ufunguo ni wangu, bwana mkubwa. Mwalimu wa Kiingereza, huku akijifuta jasho, kanikabidhi na kuniomba nikakae humo, nisiharakishe kutoka.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafakari. Kumbe watu wana kiu ya vitenzi! Nimemwomba mkuu wa shule jukwaa tena wiki ijayo, uwanjani, dakika chache kabla ya fainali ya mpira. Kakubali. Nitaeleza "set", herufi tatu pia, ila kamusini kurasa zake zinazidi za "get". Kwa kuwa watakuja watu wengi zaidi, nitaongeza mifano.